Mgonjwa Hatozwi

Ndeshi alikuwa mtu wa kinyaa, na majirani zake wa mtaa wa Kaloleni, Arusha, walimjua hivyo. Kikombe alichoazimisha kikirudi alikichemsha. Msibani alikula ndizi mbivu tu, kwa kuwa ndizi ina ganda lake na hakuna mkono uliopita ndani. Aliolewa kutoka Nkoaranga, juu kule kwenye mteremko wa Meru, ambako maji hushuka mferejini yakiwa baridi na meupe, na miaka yote aliyoishi mjini hakuacha kulalamika kwamba maji ya bomba yananuka kutu. Mumewe, Solomoni, alikwisha kuzoea. Aliwaambia rafiki zake kwamba ameoa mwanamke ambaye hata sabuni anaiosha.

Mwaka 1992 kiwanda alikokuwa karani kiliuzwa, na Solomoni akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Siku hizo kila mtu alikuwa anafungua kitu: huyu duka la kubadilishia fedha, yule kibanda cha mitumba, mwingine kampuni ya kupeleka watalii mbugani yenye gari moja tu, nalo bovu. Solomoni akawa anawaona vijana wa Kizungu wanakatiza mtaani na mabegi makubwa mgongoni, wanatafuta pa kulala pa bei ndogo kuliko hoteli. Akagawa nyumba. Vyumba vinne vya uani vikapakwa chokaa na kuwekwa vitanda na vyandarua, na getini ukapigiliwa ubao wenye maneno ya Kiingereza. Kuzungumza na wageni ikawa kazi ya Solomoni, aliyekuwa na Kiingereza cha ofisini. Kazi nyingine zote zikawa za Ndeshi.

Wageni wenyewe walimshangaza. Hakujua kwamba mtu mwenye nauli ya ndege anaweza kuvaa suruali iliyotoboka makalioni. Soksi walizianika dirishani bila kuzifua, jasho likauke tu, wazivae tena. Mmoja alipasua bomba la dawa ya meno kwa wembe, akawa anakomba ndani kwa kidole mpaka likang'aa. Wakikaa barazani mazungumzo yao yalikuwa hesabu: miezi mitano, nchi sita, dola ngapi kwa siku, wapi pa kubana na wapi pa kuachia. Walikwenda kwa mama muuza maparachichi hapo nje wakavutana naye kwa shilingi ishirini, yule mama akachoka akawaachia, nao wakarudi wanacheka kana kwamba wamefunga goli. Ndeshi alifua shuka zao kwa maji ya moto na kunyamaza. Kinyaa chake alikijua. Alikihesabu kuwa ugonjwa wake mwenyewe, si kosa la watu.

Masika ya 1994 alikuja kijana mmoja mrefu aitwaye Gareth, ambaye pale nyumbani walimwita Gareti. Alikuwa na daftari lililofungwa kwa mpira, na kila alichonunua alikiandika humo, hata kiberiti. Siku ya nne malaria ikamwangusha. Alitapika kitandani, akatapika sakafuni, na usiku wa pili wa homa akatapika mikononi mwa Ndeshi aliyekuwa amemshika kichwa. Ajabu ni kwamba mwanamke yule aliyechemsha vikombe vya majirani hakusikia kinyaa hata chembe. Alimfuta uso, akambadilisha shuka, akampa dawa kwa saa zake. Asubuhi na jioni alimpikia mtori, ndizi mbichi zilizochemshwa na nyama ya mfupa kisha zikapondwa hadi zikawa laini kama uji, akamnywesha kwa kijiko. Ndizi zilitoka shambani kwa mama yake Nkoaranga. Nyama alinunua mwenyewe.

Siku ya kumi na moja ya ugonjwa Gareti alisimama kwa miguu yake, pochi mkononi, akamuuliza Solomoni anadaiwa kiasi gani kwa chakula na matunzo. Solomoni alikuwa anafungua mdomo, Ndeshi akamtangulia.

"Mwambie mgonjwa hatozwi," alisema. "Ukimtoza mgonjwa, ugonjwa unabaki ndani ya nyumba."

Solomoni akatafsiri. Gareti akatoa daftari lake akaandika. Ndeshi alidhani anaandika jina lake ili amkumbuke kwenye sala.

Mwaka uliofuata, wageni wakaanza kuugua. Kwanza walikuja mtu na mchumba wake, na yule msichana akasema tumbo linamkata. Ndeshi akapika mtori, wakala wote wawili. Baada yao akaja mmoja mwenye kizunguzungu, kisha mwingine aliyesema ana homa lakini alikuwa hatoki jasho wala hatetemeki. Wote walipona siku ile ile waliyotaka kuondoka. Yule wa kizunguzungu alikwenda moja kwa moja kupanda Mlima Meru, na Ndeshi akabaki akijiuliza ni kizunguzungu gani kinachoponea kileleni. Alimweleza Solomoni wasiwasi wake. Solomoni akasema miili ya Wazungu haijazoea maji yetu, na kwamba tangu nyumba ianze vyumba havijawahi kujaa namna ile, kwa hiyo tumshukuru Mungu.

Hata mmoja alipofika getini, begi likiwa bado mgongoni, akashika tumbo na kutamka neno "mtori" kabla hata hajasalimia, Ndeshi alijilazimisha kufikiri kwamba labda sifa zimesafiri tu.

Mwezi wa sita, akigeuza godoro la chumba namba mbili, alikuta kijitabu kilichosahauliwa. Juu yake kulikuwa na picha ya mtu mwenye begi chini ya mnazi. Ndeshi alisoma hadi darasa la saba na Kiingereza chake kilikuwa cha salamu, lakini jina lake alilijua kwa herufi za lugha yoyote. Lilikuwa ukurasa wa arobaini na tatu, chini ya neno Arusha. Akampelekea mumewe.

Solomoni alisoma akiwa amesimama. Akasoma tena. Kisha akasema kijitabu kinawafundisha vijana jinsi ya kupanga matumizi ya safari ndefu katika nchi za joto, na kwamba Gareti ndiye aliyekiandika. "Anakusifu," alisema. "Anasema nyumba ni safi na mama ni mkarimu."

Ndeshi alifurahi. Alikifuta vumbi, akakiweka kabatini pamoja na vyombo vya wageni, na Jumapili akamdokezea mke wa mchungaji kwamba jina lake limeandikwa ng'ambo.

Wiki tatu zikapita, Anneth akarudi likizo. Huyu alikuwa binti yao wa pekee, yupo kidato cha tano. Hata shikamoo haijaisha kuitikiwa vizuri, mama yake akafungua kabati akamtolea kijitabu, akamtaka amsomee yote, maana baba yake alisoma kwa haraka. Anneth akaanza kusoma kimoyomoyo.

"Soma, mwanangu."

"Mama, si lazima."

"Soma kama kilivyoandikwa."

Anneth akasoma, akitafsiri taratibu, macho kwenye ukurasa.

"'Arusha ni mji wa gharama, watalii wa mbugani wameuharibu. Lakini kwa anayehesabu kila dola, njia ipo. Nenda Kaloleni kwa Mama Ndeshi. Chumba lipia, chakula usinunue. Sema una homa. Mama huyu hawatozi wagonjwa, ni imani fulani ya watu wa kwao. Supu yake ya ndizi si mbaya ukiizoea. Mimi niliila siku kumi na moja. Gharama ya chakula, sifuri.'"

Ndeshi alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia vyombo, akakikunja mara mbili, akakikunjua. Alichosikia hakikuwa hasira. Hasira aliijua, hupanda kichwani. Hiki kilikuwa kinapanda kutoka tumboni, kama mtu aliyekwisha kumeza ndipo akaambiwa ndani ya chakula kulikuwa na nini. Aliyaona matapishi ya Gareti mikononi mwake, safari hii yakiwa na harufu.

"Baba yako," aliuliza hatimaye, "Kiingereza chake kinatosha kusoma hapo?"

Anneth aliinamisha kichwa. "Kinatosha, mama."

Solomoni alikuwa nyuma ya nyumba anarekebisha mlango wa bafu. Ndeshi alimwendea akasimama mbele yake na kijitabu mkononi, na Solomoni akajua. Hakukana. Aliweka nyundo chini, akajieleza kwa sauti ya mtu aliyeyatafakari maneno yake siku nyingi. Alisema ada ya Anneth inatoka kwenye vyumba vile. Alisema kila mgonjwa wa uongo analipa chumba siku tatu au nne, na hata ukiondoa gharama ya nyama bado faida inabaki.

"Ni ndizi tu, Mama Anneth," alimalizia. "Na ndizi zenyewe hatununui."

Ndeshi alimtazama. Miaka kumi na tisa alikuwa amelala na mtu huyu, na sasa aliona mate yaliyokauka pembeni mwa mdomo wake, akashindwa kuyaondolea macho.

"Wao walinidanganya kwa sababu hawanijui," alisema. "Wewe ulinisomea uongo nikakushukuru."

Akageuka akaenda jikoni. Mtori wa mchana ulikuwa tayari umeiva, kwa ajili ya kijana wa chumba namba tatu aliyelala tangu jana akisema mwili unamuuma. Ndeshi akapakua bakuli, akachukua kijiko na kigoda, akaingia. Kijana alijiinua kwenye mto, akatabasamu kigonjwa. Ndeshi akamwekea kiganja kwenye paji la uso. Lilikuwa baridi kama la samaki. Akaweka kigoda katikati ya chumba, akaketi kumwelekea, akaanza kula.

Alikula bila haraka. Kijana alidhani mwanzoni kwamba anaonja. Kisha akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Ndeshi akaendelea kijiko kwa kijiko, akimwangalia machoni, mpaka bakuli likabaki tupu. Kisha akalitaja jina la kijitabu kwa Kiingereza chake kibovu, na ukurasa wa arobaini na tatu, akaonyesha mlango. Jioni ile chumba namba tatu kilikuwa wazi.

Majirani waliposimuliwa walisema amefanya vizuri, na wengine walicheka hadi machozi. Ndeshi hakucheka. Alikuwa amekwenda bombani akasukutua mdomo mara tatu. Mama yake alimlea akimwambia kwamba anayekula mbele ya mgeni bila kumkaribisha hana tofauti na mbwa, naye alikuwa amefanya hivyo nyumbani kwake, makusudi, na akamaliza bakuli zima. Kinyaa kile hakikutoka kwa kusukutua.

Kesho yake alifunga nguo zake akapanda Nkoaranga kwa mama yake. Alikaa huko wiki saba. Huku nyuma Solomoni alijaribu kuendesha nyumba peke yake. Wagonjwa walifika, akawapikia mtori uliokuwa na vipande vya ndizi vigumu na mafuta yaliyoganda juu, na wengi wakapona siku hiyo hiyo. Wengine walikwenda kulala mtaa wa Sombetini. Shuka zikawa na madoa. Mwishoni yeye mwenyewe akashindwa kulala kwenye nyumba inayonuka soksi.

Alipanda mlimani akiwa amevaa koti lake la ofisini. Alizungumza kwanza na mama mkwe, muda mrefu, kisha na mkewe kwa muda mfupi. Hakutaja ada wala faida. Alisema ubao wa getini ameung'oa na kuutumia kuziba banda la kuku. Ndeshi aliuliza swali moja tu, kama vyandarua vimefuliwa. Solomoni akakiri havijafuliwa. Wakashuka pamoja kesho yake.

Vyumba wakawapangisha akina mama wauza mitumba kutoka Rombo, kwa mwezi, kila mmoja na jiko lake la mkaa. Pesa ilipungua. Solomoni akapata kazi ya karani kwenye ghala la mahindi kule Kwa Mrombo, kazi ya vumbi iliyomkoholesha, lakini ada ya Anneth ikalipika, wakati mwingine kwa kuchelewa.

Mwaka 1997 ikaja barua ya Gareti. Solomoni aliifungua mbele ya mkewe, akamkalisha, akamsomea neno kwa neno, hata pale palipomchoma. Gareti alisema kijitabu kinachapishwa upya, kwa hiyo anaomba bei mpya za vyumba. Aliuliza kama mama bado anapika, kwa sababu msomaji mmoja amemwandikia kwamba mama amekuwa mkali, na angependa kuhakikisha kabla ya kumwandika vibaya. Solomoni alipomaliza alikunja karatasi, akasubiri.

"Unataka nimjibu nini?" aliuliza.

"Usimjibu," alisema Ndeshi. Kisha akamshukuru kwa kuisoma yote.

Mwezi uleule mmoja wa wapangaji, Tabitha, alirudi kutoka sokoni mapema, akajilaza bila kuvua viatu. Alisema ana homa. Ndeshi alisimama mlangoni. Tabitha alikuwa mwanamke mwaminifu, anayelipa kodi kabla ya tarehe, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa joto. Hata hivyo Ndeshi aliingia akamgusa paji la uso, akagusa shingo, akaondoa mkono, akaurudisha tena kuhakikisha. Lilikuwa linawaka. Ndipo akaenda jikoni kumenya ndizi, na alipokuwa akimenya aliutazama ule mkono wake wa kulia, uliokwenda kupima kabla ya kuhurumia, akauchukia.