Siku Redio Yangu Ilipochelewa Kusema

Naandika nimeinamisha uso kana kwamba hata karatasi ina macho, maana tangu Jumapili ile siwezi kupita njia ya kisimani bila mtu kuniita "Fundi Redio", na mnaonijua mnajua kwamba mimi hata darasani nikiwa na jibu husubiri mwingine anyooshe mkono. Nitawasimulia yote jamani, mcheke mkitaka, ila mkifika kwenye habari za mama yangu naomba msicheke.

Kaka yangu Anselmi yuko jeshini, mbali huko mpakani, na tangu aondoke hatujamtia machoni. Nilipofika nyumbani Kasense kwa likizo nikamkuta dereva wa lori la mazao anakunywa uji kwetu, kaleta habari kwamba watu wa redio walifika kambini kwao na mashine ya kunasa sauti, Anselmi kazungumza, na atatoka kwenye salamu za Jumapili mchana. Atasema kwa mdomo wake mwenyewe, si kusomewa na mtangazaji! Mama alimrudisha nyuma yule dereva, akamwambia hebu sema tena, hebu sema tena, mpaka uji wa watu ukapoa.

Sasa, wenye kiu ya salamu huku kwetu huenda Katandala dukani kwa Mzee Salumu, ambaye kila Jumapili huweka redio yake juu ya kaunta ikitazama barazani, na anayewahi anapata benchi. Mama alikuwa keshapanga kwenda, hata khanga ya kujifunika baridi keshaitoa sandukuni. Ndipo mimi, mpole, nisiyesema, nikasema.

"Mama, usihangaike kwenda kukaa barazani kwa watu. Mimi naunda redio. Mwanao utamsikia hapahapa kwako."

Mama akanitazama. "Utaweza?"

"Nitaweza."

(Laiti mtu aliyekuwa karibu siku ile angenifunga kitambaa mdomoni.)

Haukuwa uongo mtupu. Mwalimu wetu wa fizikia alikwisha kutuonyesha namna ya kuunganisha vipande, na Mzee Salumu alikuwa amenipa redio yake ya zamani iliyokufa, akisema, "Chukua maiti hii binti yangu, ukiifufua niite nije nione." Basi nikaipasua, nikachagua vilivyo hai, nikakosa chuma cha kulehemu nikachukua msumari mnene, nikauchomeka kwenye gunzi la mahindi uwe na mpini, nikawa naupasha moto kwenye jiko la mkaa na kuyeyushia risasi niliyoibandua kwenye viungo vya zamani. Niliungua vidole, nikaunguza na meza ya baba. Sanduku lilikuwa la majani ya chai. Nyumba ya betri niliikata kwenye kopo la maziwa, betri zinalala ubavu kwa ubavu, moja inatazama huku, ya pili inatazama kule, hivyo hivyo mpaka ya mwisho. Shikeni hapo, maana msiba wangu wote umelala hapo.

Jumamosi jioni niliijaribu peke yangu nyuma ya jiko, ikakoroma, halafu mwanamume mmoja akaanza kueleza mambo ya mbolea. Mbolea! Nilitamani kumkumbatia. Nikazima upesi nisimalize moto wa betri, na hapo nikafanya jambo ambalo kila mtu kwetu hulifanya na betri zilizochoka: nikazitoa, na asubuhi nikazianika juani kwenye mkeka, pembeni ya ulezi, zipate nguvu. Laiti ningeziacha ndani!

Kumbe mama alipotoka misa hakunyamaza. Nilidhani tutakuwa sisi na baba, lakini alipofika alikuwa ameongozana na nusu ya waumini, wanakwaya, majirani, Mama Skola na mdomo wake, mjomba Fideli, na mbele yao wote Babu Kasiano, balozi wetu wa nyumba kumi, mtu ambaye akikohoa hata kuku wanasimama. Yeye ndiye mwenye tochi kubwa kuliko zote Kasense, na kwa sababu ya tochi hiyo, mambo ya betri yote huulizwa yeye.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, msomi wetu. Ndizo hizi betri?" Akaziokota mkekani moja moja, akazipangusa kwa koti lake, akaingia nazo ndani kama anabeba sakramenti. Nikamfuata mbiombio. Akafungua kisanduku mwenyewe, akazipanga zote zikitazama upande mmoja.

"Betri," akawatangazia watu, "ni kama askari wa gwaride. Zote mbele! Ukizichanganya zinagombana."

Kwenye tochi, ambamo zinafuatana kwa mstari, ni kweli kabisa. Kwenye redio yangu hiyo ndiyo kuzigombanisha, hizi zinavuta huku hizi zinavuta kule, na moto hautoki. Nililiona hilo kwa macho yangu mawili, ulimi ukajaa mdomoni, nikasema, "Babu, labda hizo betri..."

"Betri nimeweka mimi."

"Ndiyo, babu."

Ndiyo babu! Ningeanzaje kumwambia mzee mbele ya kwaya nzima kwamba amekosea, mimi mtoto wa kike wa juzi, na baba yangu amekaa pale? Akafunga mfuniko, akaipakata redio mapajani, akaweka kiganja juu. "Asiiguse mtu mwingine. Washa." Nikazungusha kitufe.

Kimya.

"Labda nayo imekwenda misa ya pili," akasema Mama Skola, watu wakacheka, mama akacheka pia lakini mikono yake ilikuwa inakunja pindo la khanga na kulikunjua.

Na sasa kila mtu akawa fundi. Mmoja akasema waya wa ardhini umekauka, umwagiwe maji, na kwa kuwa mtungi wa maji ulikuwa mbali wakaumwagia pombe ya ulezi ya baba, kata ya kuchotea nzima, baba akafumba macho. Mwingine akasema waya wa juu, wa kunasia mawimbi, haujafika juu, na kwa kuwa kwetu mti mrefu ni wa kutafuta, mjomba Fideli akapanda juu ya nyumba. Mimi nimesimama karibu na goti la Babu Kasiano, nanyoosha mkono naurudisha, nanyoosha naurudisha, na moyoni nasema sasa hivi, sasa hivi nitamwambia. Kivuli cha mlango kilikuwa kinasogea. Salamu zilikwisha kuanza, nilijua, na mama alijua, maana aliniuliza kwa sauti ndogo sana, "Bado, mwanangu?"

"Bado kidogo, mama."

Hapo nyasi za paa zikasema *kwaa*, na mguu wa mjomba Fideli ukatokeza katikati ya sebule, na kiatu chake cha Jumapili, unatafuta pa kukanyaga. Watoto wakapiga kelele, vumbi la masizi likawashukia wanakwaya kwenye nguo zao nyeupe, na Babu Kasiano akaweka redio chini akatoka nje kupiga mayowe, "Wewe Fideli! Shuka kabla hujaleta nyumba yote!"

Ndipo nikapata ujasiri, ujasiri wa panya paka akitoka. Nikafungua, nikageuza betri, moja hivi moja hivi, kwa pupa mpaka moja ikaanguka ikabiringika chini ya viti nikaifuata kwa magoti katikati ya miguu ya watu. Nikaiweka. Redio ikapasua sauti kuliko hata nilivyotegemea:

"...na kwa hayo machache, ndugu wasikilizaji, tumefikia mwisho wa salamu zetu za leo."

Halafu muziki wa dansi.

Hapa ndipo aibu ilipogeuka kuwa kitu kingine, kwa sababu watu walishangilia! Walipiga vigelegele, Mama Skola akaanza kucheza na masizi yake kichwani, na Babu Kasiano akarudi ndani ameinua mikono: "Sikuwaambia? Betri zote mbele!" Wakampa mkono. Wakanipa na mimi mkono. Na katikati ya ngoma hiyo mama yangu alikuwa amesimama peke yake.

"Zimekwisha?" akauliza.

Akajifunika khanga yake akatoka, nami nikamfuata. Tulikwenda mpaka Katandala, upepo wa kipupwe unatupiga usoni, na tulipofika Mzee Salumu alikuwa anaingiza benchi ndani. Akaliacha.

"Mama Anselmi! Mbona hukuja? Kijana wako ameongea vizuri! Kakutaja kwa jina, kasema anakula vizuri, kasema usilie, halafu mwishoni akacheka."

"Amecheka?" akauliza mama.

"Amecheka."

"Amecheka vipi?"

Mzee Salumu akafikiri, maskini, akajaribu. Akacheka, "He he, he." Akatikisa kichwa. Akajaribu tena, kwa sauti nyembamba kidogo. Mama alikuwa anamtazama mdomo.

"Hapana," akasema Mzee Salumu. "Siwezi, mama. Nisamehe."

"Ahsante, baba," akasema mama.

Tulipokuwa njiani kurudi ndipo akaniuliza, bila hasira, na ingekuwa hasira ningefurahi. "Ulijua kasoro ilikuwa wapi?"

"Nilijua, mama. Tangu mwanzo. Nilimwogopa babu."

Tulipoziona nyumba za kwetu akasema, "Hukumwogopa. Ulimheshimu, na si vibaya. Lakini siku nyingine anza na shikamoo, kisha useme."

Basi ninyi mnaotaka kuunda redio kwa mara ya kwanza, ushauri wangu ndio huo, mengine mtayakuta vitabuni. Mkiijaribu ikasema, msizitoe betri. Msimwalike mtu mpaka izoee kusema. Na mzee akinyoosha mkono, mwamkieni vizuri, halafu mwambieni.

Mimi nimeapa, na Jumapili iliyopita nimeanza. Babu Kasiano alikuja akanyoosha mkono kwenye kisanduku, nikasema, "Shikamoo babu, hii betri zake hazikai kama za tochi, nisamehe." Masikio yaliniwaka moto. Akanitazama sana, kisha akakaa kwenye kiti. "Haya, fundi. Tusikilize."

Redio sasa inasema vizuri mno, na kila Jumapili mama huwa wa kwanza kukaa, karibu kabisa, mpaka salamu ya mwisho isomwe na muziki uingie. Anselmi hajasema tena.