Paka wa Shangazi Teodora Walivyoshtakiwa kwa Uchawi

Mwaka 1976 niliona paka wakifikishwa mbele ya mkutano wa kijiji kwa kosa la uchawi.

Sitanii. Walikuwa ndani ya tenga, tenga liko juani, na pembeni yake amesimamishwa shangazi yangu Teodora, mtu mzima wa mvi zake, kama mwizi wa kuku.

Nina wajukuu sasa. Hasira ya siku ile bado ninayo, wala siombi iondoke.

Twende taratibu mnielewe.

Shangazi alikuwa mpishi wa daktari mmoja wa mifugo pale Mwanza mjini, mama wa Kiswidi aliyeitwa Agneta. Mama yule hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na paka.

Tena si hawa paka wetu wa mistari wanaoiba dagaa.

Mimi nilikuwa opereta wa simu, napanga chumba mtaa wa Mirongo, hapo hapo mjini. Jumapili nikitoka kanisani nilikwenda kumsalimia shangazi, na Agneta alipenda kukaa nasi jikoni akitusimulia habari za paka wake kama mtu anayesimulia ukoo.

Wa kwanza ni Buluu, jike. Mwili rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, uso na masikio na miguu na mkia vyeusi kama ametoka kwenye masizi. Macho ya buluu, kweli buluu. Asili yao ni Siam, ndiyo Thailandi. Watoto wao huzaliwa weupe pe, halafu zile sehemu za mwili zenye ubaridi, masikio, pua, mkia, zinaanza kuingia weusi polepole.

Na wana mdomo hao. Wengine wanalia nyau, Buluu alikuwa anaongea. Akitaka dume, sauti yake ni ya mtoto mchanga aliyeachwa peke yake.

Wa pili Kibutu, dume. Hakuwa na mkia. Haukukatwa, alizaliwa hivyo. Kwao ni kisiwa kinaitwa Man, kati ya Uingereza na Ayalandi, na huko paka wasio na mkia ni jambo la kawaida. Miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele, akikimbia anarukaruka kama sungura. Kwa panya, jamaa alikuwa hana huruma.

Wa tatu Manyoya, wa asili ya Uajemi. Nywele ndefu, uso bapa kama aliyegonga ukuta, mpole, mvivu, anakoroma. Huyo, panya akipita, anamwangalia tu.

Agneta mkataba ulipoisha akarudi kwao. Paka akamwachia shangazi, na shangazi akavuka nao ziwa kwa kivuko cha Kamanga kurudi kwenye shamba lake karibu na ziwa. Aliishi huko vizuri tu. Jirani wa karibu ilikuwa mpaka umwite kwa mbiu.

Ikaja Operesheni Vijiji, serikali ikawahamisha watu kutoka mashambani waishi pamoja.

Lori likaja, likampakia yeye, vyungu vyake, mbuzi na tenga la paka. Wakamshusha kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari, ukikohoa jirani anasema pole. Kwa kuwa alichelewa kufika, akapewa kiwanja ambacho wengine walikikataa, ubavuni mwa ghala la kijiji.

Mtunza ghala aliitwa Maige. Msemaji mzuri, shati limenyooshwa, kila sentensi inaanza na ndugu wananchi.

Sasa fikiria. Huko shambani Buluu alikuwa akilia, anasikika na viboko tu. Hapa kijiji kizima kinasikia mtoto analia kwa Teodora, na kwa Teodora hakuna mtoto.

Buluu akazaa. Watoto weupe. Baada ya majuma wakaanza kuwa weusi usoni. Watu wakaja kuchungulia, wakarudi hawasemi kitu, na wasiposema ndiyo mbaya zaidi.

Halafu ikapita surua.

Mwanamke mmoja wa mstari uleule, Dorotea, akampoteza mtoto wake wa pekee. Wakamzika. Usiku Dorotea anakaa mlangoni, na anamsikia mtoto analia.

Maige ndiye aliyekwenda kumweleza mama yule aliyefiwa kwamba mwanawe hakufa. Kwamba ametwaliwa. Kwamba yumo ndani ya yule paka mwenye macho ya watu.

Unamwambia hivyo mama ambaye udongo wa kaburi haujakauka.

Habari zilinifikia kwa mvuvi aliyekuja mjini. Niliomba ruhusa kazini, nikavuka, nikafika mkutano umeshaanza. Mgambo wamesimama na marungu. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Nkwabi, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kuangalia upepo.

Nikaomba kusema. Nikawaeleza yote niliyoyasikia jikoni kwa Agneta. Siam, kile kisiwa, Uajemi. Nikasema ni kama ng'ombe, mbona sisi Wasukuma tunajua ng'ombe wa kisasa wa maziwa hafanani na wa kwetu, na hakuna anayemwita mchawi?

Wengine wakaanza kutikisa kichwa kukubali. Niliona kabisa.

Nikaendelea. Nikasema paka wote wa dunia, hata wa Ulaya, ukoo wao unarudi kwa paka pori wa pande hizi za Afrika na Misri na Uarabuni. Walikuja wenyewe kwa binadamu zamani, binadamu alipoanza kuweka nafaka ghalani, panya wakaja, na paka akafuata panya.

Hapo Maige akasimama. Akasema maelezo yametosha. Akasema ndugu wananchi, huyu binti amelishwa maneno na mabeberu, na shangazi yake ni kupe aliyekuwa akila makombo ya Wazungu wakati sisi tunajenga taifa.

Watu wakacheka. Yaani walicheka.

Dorotea akanyanyuka pale alipokuwa amekaa. Hakuwa na ukali wowote. Akaniuliza mbele ya wote, "Dada, wewe umesoma. Niambie, kwa nini analia kwa sauti ya mwanangu?"

Namna ya kumwambia mama kwamba ile ni sauti ya paka anayetaka dume sikuipata, na mpaka leo sijaipata.

Maige akauchukua ule ukimya wangu akautumia.

Mzee Nkwabi akatoa uamuzi akitazama chini. Paka wauawe, Teodora aondoke.

Tenga likafunguliwa. Manyoya hakukimbia hata, alikaa akiwakodolea, wakampiga pale pale. Kibutu aliruka, akamparua mgambo mmoja, wakammaliza karibu na ukuta wa ghala. Watoto wakatiwa kwenye gunia, wakapelekwa ziwani. Buluu peke yake ndiye aliyeponyoka akapotelea kwenye matete.

Kisha wakapanda juu ya nyumba ya shangazi wakaiezua. Vijana aliowapikia uji msimu wa kulima ndio waliokuwa wanarusha nyasi chini.

Shangazi hakulia. Alinishika mkono akasema twende, kivuko kisituache. Mtu ukiwa na hasira na huna nguvu, hasira inakula utumbo wako mwenyewe.

Akakaa kwangu Mirongo, chumba kimoja, kitanda kimoja. Aliyekuwa akipika akiimba, akawa mtu wa kukaa ameegemea ukuta. Nikimwuliza unaumwa anasema hapana. Nikimpa chakula anakula kidogo, anashukuru kama mgeni. Hilo la kushukuru ndilo lililokuwa linaniua.

Nilimlaani Maige kila siku kwa jina. Dorotea pia nilimlaani, nisiwafiche.

Msimu wa njaa mwaka uliofuata, mchana nimetoka zamu, namkuta Dorotea ameketi kwenye ngazi ya nyumba yetu. Amekonda. Miguuni ana vumbi, na amepakata kapu lililofungwa kwa khanga.

Nilimwambia aondoke kabla sijamwitia watu.

Shangazi akasikia kutoka ndani. Akasema, "Mwache aingie. Huyu alikuwa anamtafuta mwanawe."

Dorotea akaingia, akapiga magoti, akamwamkia shangazi shikamoo. Kisha akafungua lile kapu.

Buluu. Mifupa mitupu, sikio moja limechanika, lakini yale macho ni yale yale.

Dorotea akasimulia, sauti chini.

Njaa ilipoingia, kijiji kilikwenda ghalani kuomba mahindi yake. Maige akatangaza kwamba panya wamekula karibu yote. Watu wakaguna, wakarudi nyumbani. Ndivyo alivyokuwa akisema tangu kijiji kianze, na watu wamezoea. Isipokuwa ule msimu mmoja ambao shangazi alikaa pale ubavuni. Msimu ule mahindi hayakupungua.

Basi asubuhi moja Maige amefunga ghala amekwenda mjini, Dorotea akipita na ndoo akamsikia mtoto wake analia.

Alitua ndoo. Alisema hakuogopa, alifurahi. Aliifuata ile sauti mpaka kwenye ukuta wa ghala, akaita jina la mwanawe, na sauti ikamjibu. Akapiga yowe kuita wanawake wenzake waje wamsaidie kumtoa mtoto. Wakaja na majembe, wakavunja kufuli.

Ndani alikuwa Buluu. Alikuwa ameingia wakati mlango uko wazi, akafungiwa.

Na nyuma yake yalikuwepo magunia yamepangwa vizuri mpaka juu. Moja likaangushwa, likapasuka. Yakatoka pumba. La pili pumba. Yote ya nyuma pumba tupu, ya kumdanganya mkaguzi anayechungulia mlangoni. Hakuna gunia lililotafunwa, hakuna hata mavi ya panya.

Mahindi ya kijiji yalikuwa yanavuka ziwa kwa mitumbwi usiku kuja kuuzwa mjini.

Ghafla kila kitu kikanyooka. Kibutu akiwa jirani na ghala hapakuwa na panya, na pasipokuwa na panya Maige hana wa kumsingizia. Yule bwana hakuogopa uchawi hata chembe. Aliogopa paka anayefanya kazi yake. Ndiyo maana akaenda kumchukua mama aliyefiwa akamfanya rungu.

"Nilikaa pale sakafuni na paka mapajani," Dorotea akasema. "Ndipo nikaelewa kwamba mwanangu alikufa."

Shangazi akamsogezea kigoda, akamwekea uji. Buluu ndiye aliyekuwa anaongea, anamzunguka shangazi miguuni, analalamika kama mke aliyesusiwa.

Maige? Aliposikia hakurudi. Watu wanasema alipitia Busisi akaelekea Geita, huko akawa mtu na heshima zake. Hakuna aliyemgusa. Mkitaka kujua kwa nini bado nina hasira, anzieni hapo.

Baadaye mzee Nkwabi naye alikuja Mirongo na wajumbe wake. Wakasema kijiji kimekubali kosa, nyumba itaezekwa upya, mama arudi kwake.

Shangazi aliwasikiliza mpaka mwisho. Akawajibu, "Nyasi mtazirudisha juu. Mimi nitaamkaje kila asubuhi niwasalimie watu waliocheka?"

Walikunywa chai yao wakaondoka, na shangazi akafia kwangu, miaka mingi baadaye, akiwa anaimba tena.

Ninyi mnaosoma, chukueni hili moja. Mtu akikuambia kiumbe usichokijua ni uchawi, usikimbilie kukitazama kiumbe. Mgeukie anayesema, umtazame vizuri, kisha umwulize polepole anachunga nini.