Ndoo za Mashuani na Chaza wa Mama Kadzo

Siku yangu ya kwanza kazini Malindi, Afisa Mkuu wa Afya alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akaniuliza kama najua kuogelea. Nilikuwa nimetoka chuoni, na kabla ya chuo nilitoka vilima vya Machakos, ambako maji mengi niliyoyazoea yalikuwa ya mtungini. Nikamwambia sijui.

"Basi jifunze kushika ukingo wa mashua," akasema. "Iko siku nitakupeleka baharini. Kwa sasa nenda Kakuyuni ukapime vyoo."

Kakuyuni nilikaa mwaka mzima nikiwaonyesha wakulima kina cha shimo, umbali wake na kisima, na jinsi ya kufunika tundu ili nzi wasiingie. Watoto waliniita Bwana Choo. Mwanzoni niliona haya, baadaye nikaitika. Nyinyi vijana wa afya mnaofanya kazi kwenye ofisi zenye feni, jueni kwamba kazi hii haina sifa, na anayeitafutia sifa ataiharibu. Nasema hivyo kwa kuwa nami niliitafutia, na aliyeumia ni mtu mwingine.

Katikati ya miaka ya themanini hoteli ziliongezeka Watamu, na mashua za kupeleka wageni kuona matumbawe zikaongezeka nazo. Zilitia nanga ndani ya hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu katikati ya mikoko. Afisa Mkuu akanihamishia huko nishughulikie haja za watu walio majini.

Vyombo vikubwa vya zamani vilikuwa na kasha la mbao lililoning'inizwa nyuma, tezini; mtu alichutama humo na bahari ikapokea. Mashua ndogo hazikuwa na nafasi hiyo. Mwanamume aligeukia upande, basi. Mwanamke alijikaza mpaka nchi kavu, na wengine hawakunywa maji kutwa nzima juani ili wasibanwe. Jambo hilo lilinikera sana. Wenye mashua za fahari kule Kilifi walikuwa na vyoo vya pampu: unavuta mkono, maji ya chumvi yanasukuma uchafu hadi kwenye tangi. Lakini pampu ile huziba kwa kipande cha karatasi, na sisi hatukuwa na vipuri wala fundi.

Nikachagua ndoo. Ndoo yenye mfuniko wa kubana, ndani ya sanduku la mbao lenye kiti, pazia la turubai kulizunguka, na kando yake kopo la maranda, yale mabaki ya mbao yanayoanguka seremala akipiga randa. Ukimaliza haja unafunika kwa maranda. Yanakausha na kuua harufu. Seremala mmoja wa mtaa wa Barani, Malindi, alitutengenezea masanduku. Mwezi haukuisha, kila mashua ilikuwa na choo, na mimi nilitembea ufukoni kifua mbele.

Likabaki swali la kumwaga. Mwenye akili angechimba shimo nchi kavu, lakini chini ya mchanga wa pale kuna mwamba wa matumbawe, na mimi nilikuwa na haraka. Asubuhi moja nilikwenda kwenye mlango wa hori saa kumi na mbili, nikaona maji yanatoka kwa nguvu kuelekea bahari kuu. Nikarudi ofisini, nikaandika tangazo na kulipiga muhuri: ndoo zote zimwagwe mlangoni mwa hori, saa kumi na mbili asubuhi, kila siku.

Nahodha Athmani, mkubwa wa manahodha wote pale, alilisoma mara mbili.

"Bwana Afya, saa kumi na mbili ya siku gani?"

"Ya kila siku. Si imeandikwa?"

Akautazama muhuri, akayatazama maji. "Haya. Serikali imeshasema."

Nilidhani amenikubali. Ukweli ni kwamba asiyefuata tangazo angenyang'anywa kibali, na yeye alikuwa na watoto wa kulisha.

Siku kama kumi zikapita. Mama Kadzo akaja kibandani kwangu na kifurushi cha jani la mgomba. Alikuwa mjane wa Kigiriama aliyechuma chaza, wale viumbe wa gamba wanaong'ang'ania mizizi ya mikoko, na kuwauzia wapishi wa hoteli. Chaza wale ndio waliomlisha yeye na binti zake watatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu fungua uone."

Nikafungua. Yalikuwa maranda, yamelowa, meusi, yananuka.

"Yako kila mzizi," akasema. "Mpishi ameyaona, amenifukuza. Mbao zinarandwa baharini siku hizi?"

Nilipeleka habari ofisini huku nikiuficha mkono wangu katika jambo lile. Afisa Mkuu hakupoteza muda: uchumaji wa chaza ukapigwa marufuku, na mimi ndiye niliyetumwa kubandika amri. Mama Kadzo hakujua kusoma. Nikamsomea.

"Nimekuletea uchafu wako," akasema polepole, "halafu wanifungia mimi?"

Nikaenda kwa Nahodha Athmani, nikamwomba anieleze kama anavyomweleza mtoto. Akanieleza. Maji hayajui saa ya ofisini. Kila siku kujaa na kupwa husogea mbele, karibu saa nzima. Asubuhi niliyosimama mlangoni ilikuwa ya bamvua, maji makubwa, nayo yalikuwa yanaanza kupwa. Juma moja baadaye, saa ile ile, yalikuwa yanajaa. Mabaharia walimwaga nje kama nilivyoamuru, na bahari ikaurudisha uchafu wote ndani, hadi mikokoni.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza, bwana. Hukusikia."

Usiku ule nilipiga hesabu ya mambo yangu na nikaona aibu kali. Kesho yake nilisimama mbele ya meza ya Afisa Mkuu.

"Kosa si la mama yule. Aliyeandika saa ni mimi."

"Ungeweza kunyamaza," akasema. "Sasa nenda ukachimbe. Wewe mwenyewe, kwa mikono yako."

Tulichimba. Mabaharia, manahodha na mimi, kwa mitaimbo, mahali palipoinuka, mbali na visima, alipotuonyesha Mama Kadzo mwenyewe kwa sababu alijua maji ya mvua hupita wapi. Tulijengea kuta za mawe, tukaweka mfuniko mzito na jivu la kunyunyiza. Ndoo zilimwagwa humo na kusuuzwa papo hapo, hata maji ya kusuuzia yakaingia shimoni. Tangazo la kwanza nililichana mbele ya watu.

Maji na chaza vilipelekwa maabara Mombasa, vikarudi na majibu mabaya, vikapelekwa tena. Miezi ile Mama Kadzo alishona makuti kwa watu, vidole vikamchanika, na kila nilipopita aliitikia salamu yangu bila kuinua macho. Iliniuma kuliko matusi.

Majibu yalipokuja safi, nilikimbia njia nzima. Alisoma uso wangu kabla sijafungua bahasha. Akaingia majini na nguo zake, akarudi na chaza mmoja, akampasua kwa kisu na kuninyooshea.

"Kula."

Mkamba mimi, chaza nilikuwa sijawahi hata kumgusa. Alikuwa wa baridi na chumvi, na nusura nimteme. Nikameza. Nahodha Athmani alicheka mpaka akakaa chini.

Baadaye nilipelekwa Kilifi, nami nikawa na meza, na vijana walioniita bwana mkubwa. Kila aliyeniletea tangazo nilimuuliza kwanza: umemsomea nani anayeishi pale?

Nilipostaafu, wenzangu walinizawadia saa ya ukutani, kubwa, yenye fremu ya dhahabu. Niliitundika sebuleni kwangu Barani. Mama Kadzo, mzee sasa, alikuja kunipongeza akiwa na kikapu. Akaiona, akacheka hadi akashika mlango.

"Na leo maji yaanza kupwa saa ngapi?" akauliza.

"Saa nane kasorobo," nikamjibu, wala sikuinua macho ukutani.

Akaketi, akafungua kikapu, akatoa kisu.

"Basi kula."