Mpima Ziwa na Wenzake wa Kwenye Simu

Kabla ya kila mkutano, yule dada anayepima kina cha ziwa hunawa matope miguuni, ingawa wenzake wa kwenye simu watamwona uso tu. Lukmani, mwenye kibanda cha kuchaji simu pale mjini Baraka, kando ya ziwa, humwachia kiti chake cha plastiki na kumtazama akipangusa kioo cha simu kwa ncha ya kitenge, midomo ikirudiarudia Kifaransa. Wenzake ni watafiti vijana wa nchi za mbali, wanaochunguza jinsi binadamu anavyoharibu hali ya hewa. Yeye huwauliza habari za nyumbani. Wao huwa wameshaanza, kana kwamba salamu ni kelele za mtandao. Leo ilikuwa zamu yake kueleza utafiti wake wa jinsi ziwa linavyopanda na kumeza makazi. Hajamaliza sentensi ya kwanza, mwenye kikao akamkata: muda ni mfupi, afadhali awaonyeshe tu nyumba zilizozama. Dada akainuka, akageuza simu kuelekea ziwani, ambako mapaa ya majirani zake yalichungulia kutoka majini, kisha ghafla akaifunika kamera kwa kidole gumba. "Huku kwetu muntu akifika ku kilio anaikala chini na wafiwa kwanza!" akafoka kwa Kiswahili. "Hapana kusimama na kupiga foto!" Akayarudia hayo kwa Kifaransa, neno kwa neno. "Muikale. Musikilize." Akausoma utafiti wake wote, mwanzo hadi mwisho, kamera ikiwa giza. Lukmani, aliyekuwa wima mlangoni, akajikuta ameketi chini.