Mizizi ya Kitunguu na Umuravumba

Muke wa mutoto wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Kule shambani Bugeshi alipuliza viazi dawa ya wadudu, pompi kwa mugongo, mbele ajue kama iko na mimba. Akashuka kwangu Gisenyi na kilio: "Mama, mutoto ataharibika!" Mi nikachemusha majani ya umuravumba, ile dawa yetu ya kienyeji yenye uchungu, vile wote tunafanyaka, mpaka maji inakuwa nyeusi. Kwetu, dawa yenye haikukunje uso si dawa.

Binti ya kaka yangu, mwalimu wa sayansi, akakuta kikombe tayari. Ye anasemaka na pua juu: "Bon, tantine, asikunywe! Kwanza tuulize kitunguu kama hii dawa yako inaponya ao inaharibu."

"Kitunguu? Itakujibu na Kifaransa?"

Hakucheka. Akaweka vitunguu juu ya glasi: moja maji tu, ingine dawa ya viazi, ingine dawa ya viazi na umuravumba kidogo, ya mwisho dawa ya viazi na umuravumba yangu nyeusi. Kisha siku kidogo mizizi ikatoka. Akakata ncha zake, akatia rangi, akatupeleka kwa masomo kwenye anafundishaka, kwenye mikroskopi, ile mashini ya kukuza vitu vidogo.

Nikaweka jicho. Mana we! Ndani ya kitunguu iko vyumba vidogo, na ndani ya vyumba, nyuzi! Zimegawana, nusu huku nusu kule, kama watu wenye wanacheza harusini. Nani alizipanga?

"Hata mutoto iko nazo, tantine. Nusu ya mama, nusu ya baba."

"Na pua ya muzee wangu iko mule? Masikini mutoto!"

Kwa kitunguu ya dawa ya viazi tu, nyuzi zilivunjika vipande. Yenye umuravumba kidogo, nyingi zilikuwa nzima. Yangu nyeusi ilivunja kupita zote.

Muke wa mutoto wangu akauliza polepole, "Donc nikunywe ile kidogo?"

Mwalimu akasema, "Hapana. Mutoto si kitunguu. Mi sijui, na hapa hakuna mutu anajua. Kesho tuende kwa muganga wa hospitali."

Muganga akamufuata mpaka siku ya kuzaa. Mutoto akatoka analia kama ng'ombe ya Bugeshi. Mwalimu akaniambia, "Tantine, mutoto kutoka muzima haionyeshe kitu kuhusu dawa."

"Najua, shahu. Nyamaza kidogo."

Nilikuwa nafungua kale kamukono ka mutoto, kidole kwa kidole. Nyuzi zote zile zilijigawa ndani ya giza, na hakuna mutu alizishikia taa.