Fundi wa Mashine za Boti Aliyeipima Kazi Yake

Jumanne asubuhi nilikuwa dukani hapa Same nikichagua misumari ya bati, muuzaji akaniambia kwamba yule mzee fundi wa mashine za boti amefariki nyumbani kwake katika kijiji cha Kisiwani, baada ya kuugua siku chache. Wasomaji wa mbali watashangaa sehemu kavu kama yetu kuwa na fundi wa boti. Alitoka Kanda ya Ziwa akiwa kijana, akafanya kazi ya mitambo kwenye shamba la mkonge, akaoa Mpare, akabaki. Wavuvi wa Bwawa la Nyumba ya Mungu wakawa wanamletea mashine zao.

Nilimfahamu kupitia shemeji yangu, mwenye boti huko bwawani. Mashine yake ilikuwa inaingiza maji kwenye gia boksi, ile sehemu ya chini inayozungusha pangaboi, na fundi mwingine alishamwambia aibadilishe yote. Tulipompelekea, mzee alifungua skrubu ya chini, oili ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa. "Maji yameingia," alisema. "Kazi ni kujua yamepita wapi." Nyuma ya pangaboi akakuta uzi wa nyavu umejizungusha hadi ukaikata sili ya mpira. Akaibadilisha, tukaondoka tukiwa na furaha. Wiki moja baadaye oili ikawa nyeupe tena.

Tulirudi, shemeji akiwa na maneno makali kichwani. "Shikamoo mzee. Mashine imerudi vilevile."

"Marahaba. Ilete tuione."

Aliimwaga oili, akairudisha skrubu ileile ya chini, akaunganisha pampu ya baiskeli kwenye tundu la juu na kujaza hewa. Kisha akaizamisha gia boksi kwenye pipa la maji, tukachuchumaa kutazama. Kwenye pangaboi hapakutoka povu. Akalizungusha taratibu, bado hakuna. Ndipo mapovu madogo yakaanza kupanda, moja moja, kutoka kwenye skrubu ya chini. Akaifungua, akatuonyesha washa yake, kile kipete cha kuziba, ikiwa imebonyea. "Hii ni ya zamani. Niliirudisha mwenyewe badala ya kuweka mpya, na sikupima hewa baada ya kufunga. Kosa ni langu."

Shemeji aliichukua washa, akaigeuzageuza. "Mzee, ungesema ni uzi tena, ningeamini."

"Ungeamini, halafu mashine ingekuzimikia katikati ya bwawa ukiwa na watu."

Wakati ule nilikuwa nimeandika katika safu hii kwamba wakulima wa mwisho wa mfereji kule Kihurio hawasafishi sehemu yao. Haikuwa kweli, nilimsikiliza mtu mmoja tu, na kwa wiki kadhaa nilikuwa nakwepa barua zao. Niliporudi nyumbani kutoka kwa mzee, niliandika masahihisho. Barua zilizofuata zilikuwa za kirafiki, na mmoja wao huniletea mchele mpaka leo.

Alhamisi tulimzika, na wavuvi walikuja wengi. Sikuona huzuni nzito. Walikuwa wakisimuliana mashine walizotengenezewa. Nilichojifunza kwake ni kwamba anayetaka kuaminiwa aipime kazi yake mwenyewe, mbele ya yule atakayeitumia, na aseme alichokiona.