Saa Iliyomuumbua Mangi

Melkiori, au Mangi kama Kariakoo nzima inavyomwita, amezeekea kwenye duka lake la vitenge Mtaa wa Kongo, na kwa kudanganya uso mkavu hana mpinzani. Atakulilia hasara mpaka umwonee huruma, umwachie chenji. Basi binti yake Ritha akamletea saa ya kisasa. Mzee ana presha, na saa hiyo hulia moyo ukienda mbio, tena humpelekea Ritha taarifa kwenye simu. Mangi akaivaa kwa madaha. Masikini, hakujua amejifunga shahidi mkononi.

Jumatatu akaingia Bi Badria wa Magomeni, anatafuta sare za harusi ya mwanawe, ukoo mzima. Mzigo kama huo ukimponyoka, kodi ya fremu ya duka ataitoa wapi?

"Bei hiyo, mama yangu, nakuuzia kwa hasara."

Ti-ti-ti! Saa ikalia.

"Nini hicho, Mangi?"

"Presha tu."

"Hebu niapie kwamba hupati kitu."

"Haki ya Mungu..."

Ti-ti-ti! Bi Badria akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. Presha wapi, uongo huo! Kila Mangi alipofungua mdomo saa ikamchongea, na bei ikaporomoka mbele ya macho yake. Hasira zikampanda. Akaivua, akamfunga Bi Badria mkononi.

"Haya, na wewe sema tusikie!"

"Mie sibabaiki. Duka la ng'ambo ya mtaa wananipa kwa nusu ya bei. Naondoka zangu."

Akageuka kwa maringo. Hajafika hata mlangoni, ti-ti-ti-ti!

Wakatazamana. Bi Badria akarudi, kajishika mdomo. "Mangi, hili lidude litatuharibia soko."

Wakalitupia kwenye droo, wakavuta viti, wakaanza upya: hasara, viapo, nimebakiwa na nauli tu, kuondoka na kurudi. Raha tupu!

Simu ikaita. Ritha huyo, analia. "Baba! Saa inaonyesha moyo wako haupigi!"

Bi Badria akampokonya Mangi simu, huku akimwashiria afunge mzigo. "Nyamaza, mwanangu. Babako mzima. Maiti gani anayekataa kupunguza shilingi mia tano?"